Zamu ya Kumi

Jumatatu, 29 Aprili

Naandika nyuma ya daftari la dharura, lile la kituo cha kupimia chai, tunalotumia mashine ya mizani ikiisha chaji. Sina karatasi nyingine. Zangu zote zilikuwa nyumbani, na nyumba haipo.

Mvua imenyesha siku kumi na tisa. Leo lori la chai lilichelewa, lilikwama kwenye matope kabla ya kufika Boito, kwa hiyo saa kumi jioni kijiji kizima kilikuwa bado kwenye foleni hapa kituoni, vikapu vimejaa, watu wananung'unika. Kisha tukasikia ngurumo kutoka juu. Wengine waliinua vikapu wakisema, "Hilo limefika." Halikuwa lori. Ulikuwa ni upande mzima wa kilima, na chai yake bado imesimama kwa mistari, ukiteremka polepole kama mtu anayevuta blanketi kutoka kitandani. Ulipita juu ya nyumba zetu ukaingia mtoni.

Watu walianza kupiga mayowe na kuitana. Mwenyekiti wetu wa kituo, Mzee Kiplangat, alipanda juu ya mizani akanyoosha mkono. "Karani, soma namba. Zote. Polepole. Mtu akisikia yake aitike."

Nilisoma namba za wakulima kutoka kwenye daftari hili. Kila namba iliitikiwa. Nilipofika ya kwetu, baba aliitika, "Gachanja, nipo!" Nilipomaliza, Mzee Kiplangat alivua kofia. "Hakuna aliyepotea," akasema, na akina mama wakaanza kuimba.

Nyuma ya baba alikuwa amesimama Nyakerario, anayetuchumia chai, kikapu chetu mgongoni, binti yake Yunia ameshika sketi yake. Hao hakuna aliyewasoma. Hawana namba, maana hawana shamba. Niliwaona, nikafikiri tu: wapo, hakuna haja.

Jumanne, 30 Aprili

Tumekwenda kuangalia. Nyumba tisa zimekwenda, ya kwetu ikiwemo. Mama amepata sufuria moja na kiti kisicho na mguu. Chumba cha Nyakerario, kile baba alichomruhusu kujenga chini ya shamba letu miaka kumi iliyopita, kimekwenda pia, mlango na vyote. Nimeandika: nyumba tisa. Kwa sababu Mzee Kiplangat alisema, "Namba tisa, karani," na ni kweli namba ni tisa.

Alhamisi, 2 Mei

Mkutano wa kokwet, yaani kijiji chote, umefanyika kanisani. Hakuna aliyeuliza serikali italeta nini. Mzee Kiplangat alipanga kazi kana kwamba amekuwa akiipanga kichwani tangu Jumatatu. Kila namba ya mkulima itatoa mtu mmoja kila Jumanne na Jumamosi, walioguswa na wasioguswa. Nguzo zinachimbiwa siku moja kabla. Siku ya kazi nyumba inafungwa fito, inakandikwa udongo, inaezekwa, imeisha. Zamu tisa, nyumba tisa, kwa mpangilio wa namba zilivyosomwa siku ile. Yetu ni ya nne. Karani wa kazi ni mimi: kuita majina asubuhi, kuweka alama, kusoma nyumba inayofuata.

Mtu mmoja kutoka nyuma alisema, "Na yule mama Mkisii wa kwa Gachanja?"

Mzee Kiplangat hakukasirika. Alisema, "Mnajua desturi. Nyumba ikikandikwa na kokwet, mwenye shamba hawezi tena kumwambia mtu ahame mpaka kokwet ikae. Ni kama tumempa mahali. Hilo si langu kuamua. Shamba lina mwenyewe." Akamtazama baba.

Baba alitazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nimeinua mkono nusu. Baba alinigusa goti chini ya meza, nikajikuna kichwa, nikaushusha.

Ijumaa, 3 Mei

Nimezungumza na baba. Huniita maitu, mama yangu, kwa sababu nimepewa jina la mama yake, Waringa, ingawa hapa wote huniita Shirley.

"Maitu, unakumbuka Kapsoit?"

Nakumbuka kidogo. Nilikuwa na miaka sita. Duka letu la huko liliungua mwaka ule wa fujo za uchaguzi, tukalala uani mwa kanisa. Chai ya huku ilichumwa na Mzee Kiplangat mwenyewe, akaipeleka kituoni kwa namba yetu mpaka tuliporudi.

"Sasa kokwet inatujengea sisi," baba akasema. "Gachanja wa Murang'a! Unajua maana yake? Hata uchaguzi uje, nani ataniuliza natoka wapi? Wacha kwanza sisi tukandikwe. Usilete maneno ya mtu mwingine juu ya yetu."

Nilisema, "Lakini baada ya sisi?"

"Baada ya sisi tutaona."

Naona aibu kuandika kwamba nilipata nafuu. Ningeweza kusema baba amekataa.

Jumatatu, 6 Mei

Nyakerario na Yunia wanalala hapa kituoni, nyuma ya mizani, juu ya magunia. Asubuhi nilipofika walikuwa wameshakunja kila kitu na sakafu imefagiwa.

"Karani, mbuya mono," alinisalimu kwa lugha ya kwao. Kisha, akiwa ameshika ufagio: "Nimesikia kuna orodha. Mimi ni wa ngapi?"

Yunia aliinua macho kutoka kwenye daftari lake la shule.

Nilisema, "Wa kumi."

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Namba ilikuwa pale tu, baada ya tisa, tupu.

"Wa kumi," alimwambia mtoto, kama anayempa kitu mkononi. "Umesikia? Sisi ndio wa mwisho, lakini tuko." Akaniambia, "Asante, karani. Kesho nitakuja kazi."

Jumanne, 7 Mei

Nyumba ya kwanza, ya Chepngeno, mjane. Watu sitini na mmoja. Kwenye orodha ni sitini.

Jumamosi, 11 Mei

Nyumba ya pili. Mvua ilianza saa nne, tukaendelea. Nyakerario ndiye anayekanyaga udongo. Huchanganya nyasi zilizokatwa fupi sana na majivu, hukanyaga mpaka udongo unatoa mlio kama wa kubusu. Chepngeno, aliyekwisha pata nyumba na angeweza kukaa kwake akipumzika, anakanyaga naye. Wanashikana mikono wasiteleze.

"Wewe Mkisii, unakanyaga kama unacheza harusi!"

"Na wewe unakanyaga kama ng'ombe amepotea njia. Songa!"

Wote walicheka. Mimi pia nilicheka, na daftari kifuani.

Jumanne, 14 Mei

Ya tatu. Mwenye nyumba alimpa Nyakerario fito zilizobaki. Amezipanga nyuma ya kituo.

Alhamisi, 16 Mei

Nilijaribu leo. Nilimwendea Mzee Kiplangat shambani kwake. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani. Alikuwa anachuma, vidole vinakimbia, hakuacha.

"Sema, karani."

"Ni kuhusu orodha, mzee. Kama mtu hana namba, lakini amefanya kazi zote..."

"Nani?"

"Mtu yeyote."

Nadhani alijua. "Mwenye shamba akisimama mbele ya watu aseme, jengeni, nitakuwa wa kwanza kubeba nguzo. Baba yako anazungumza vizuri. Mwambie asimame."

Nikasema, "Si baba. Nauliza tu." Nikashuka mbio karibu nianguke. Yaani nilipewa njia na nikaikana.

Jumamosi, 18 Mei

Nyumba yetu.

Nataka kuandika vizuri kwa sababu ni siku kubwa. Watu walifika kabla hatujamaliza kuchemsha chai. Vijana walipanda paani, wanaume walifunga fito. Mama alipika githeri, na Chepngeno akaleta kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, akammiminia baba kwa mkono wake. Baba alisimama katikati ya uwanja na kikombe, masharubu meupe kwa maziwa, akalia. Sijawahi kumwona baba akilia. Mzee Kiplangat alisema, "Sasa wewe ni wetu kabisa, Gachanja. Hata ukitaka kutoroka tutakurudisha," na watu wakapiga kelele za furaha.

Nyakerario alikandika chumba changu kwa ndani. Nilimpelekea maji. Alikuwa amechuchumaa pembeni ya dirisha, akilainisha kwa kiganja.

"Ukuta wako nitaufanya usipasuke," alisema. "Wewe unasoma sana, unahitaji mahali pazuri." Kisha: "Bado sita, ndiyo?"

"Bado sita," nikasema.

"Yunia anahesabu. Ameweka vijiti kwenye tundu la ukuta kule kituoni. Kila nyumba anatoa kimoja."

Nilisema naitwa nje. Sikuitwa.

Jumapili, 19 Mei

Jioni kabla ya chakula nilimwambia baba: sasa tumekandikwa. Akasema, "Maitu, udongo haujakauka hata." Nikaenda kupakua chakula.

Jumanne, 21 Mei

Ya tano.

Jumamosi, 25 Mei

Ya sita. Nyakerario alikuja na homa. Nilimwambia apumzike. Alisema, "Nikikosa siku moja si watasema nimekosa?" Nilisema hakuna atakayesema. Alikanyaga udongo mpaka mwisho.

Jumatatu, 27 Mei

Naanza kuwaona watu tofauti. Nilidhani wanaume wa kokwet ndio wagumu na baba ndiye mpole. Lakini ni kijana wa kwa Kiplangat aliyembebea Nyakerario nguzo tatu za mkaratusi leo mpaka nyuma ya kituo, bila kuombwa. "Za nini?" nikamuuliza. "Si za nyumba yake? Yeye ni wa kumi." Kwa hiyo habari imeenea. Watu wanajua karani akisema, ndiyo hivyo. Wanadhani baba alikwisha kubali, kwa sababu karani ni binti yake.

Na baba, mpole, amemwambia Nyakerario leo asubuhi aongeze mistari miwili ya kuchuma, kwa kuwa amekuwa akipoteza siku mbili kwa wiki.

Jumanne, 28 Mei

Ya saba. Hata mvua imepungua, kama inasubiri.

Jumamosi, 1 Juni

Ya nane. Ni Siku ya Madaraka, lakini hakuna aliyekwenda kwenye sherehe.

Yunia alikuja na kunisomea insha yake ya shule. Kichwa: Nyumba Yetu Mpya. Ina mlango wa rangi ya buluu. Ndani yake ameandika, "Karani ametuweka kwenye orodha." Aliniomba nimrekebishie makosa. Hakukuwa na makosa.

Jumanne, 4 Juni

Ya tisa. Mzee Kiplangat amesema Jumamosi tukutane kituoni kwa sala na chai ya kufunga kazi. Watu walipiga makofi. Nyakerario alinitazama kutoka ng'ambo ya shimo la udongo, miguu imefunikwa mpaka magotini, akaniinulia vidole vyote kumi.

Ijumaa, 7 Juni

Nilimwambia baba kila kitu: kwamba nilidanganya, kwamba mtoto anahesabu vijiti, kwamba kijiji kizima kinajua yeye ni wa kumi.

Hakunipigia kelele. Alikaa kwenye kiti kipya, akasugua magoti. "Umeniweka pabaya, maitu. Nikikubali, nimempa kipande cha shamba. Nikikataa, mimi ndiye mbaya."

"Ni mimi niliyesema kumi."

"Basi sema wewe."

Jumamosi, 8 Juni

Nilifika mapema nikitaka nimpate peke yake. Magunia yalikuwa yamekunjwa, sakafu imefagiwa, hakuna mtu. Nyuma ya kituo fito na nguzo hazikuwepo.

Nilijua walipo. Nilipanda mpaka chini ya shamba letu. Nguzo nane zilikuwa zimesimama, ameshazichimbia mwenyewe, labda jana wakati mimi najadiliana na baba. Shimo la udongo lilikuwa tayari, nyasi zimekatwa fupi, majivu yapo kwenye ndoo. Nyakerario alikuwa ndani ya shimo, akikanyaga. Yunia alikuwa amevaa sare ya shule, siku ya Jumamosi, viatu vimefutwa.

"Karani! Watu wanapitia kituoni kwanza ama wanakuja huku moja kwa moja?"

Nilisema, "Mama Yunia, twende kituoni."

Hakika nilikuwa na nafasi ya kusema pale, watu wawili tu wakisikia. Nilisema twende kituoni.

Kituoni walikuwepo wote. Sala ilifanyika. Mzee Kiplangat alishukuru namba zote sitini. Kisha alisema, "Karani afunge daftari rasmi," akitabasamu, na Chepngeno akapaza sauti kutoka kwenye birika la chai, "Afunge nini? Bado nyumba moja! Mnataka kunywa chai kabla ya kazi, wavivu ninyi?"

Watu walicheka, wengine wakaanza kukunja mikono ya mashati. Waliniangalia. Nilifungua daftari, ingawa hakukuwa na kitu cha kusoma.

"Orodha ina nyumba tisa," nilisema. "Haikuwahi kuwa na kumi. Nilimwambia yeye ni wa kumi kwa sababu aliniuliza na niliogopa. Mwenyekiti hakuniagiza. Ni mimi."

Mzee Kiplangat aligeuka polepole. "Gachanja. Shamba ni lako. Unasemaje?"

Baba alikuwa karibu na mlango, pale pale alipoitikia namba siku ile. Alisema, "Hili tutaliongea nyumbani."

Kila mtu hapa anajua maana ya hilo. Mwenye kusema hivyo amekataa. Mzee Kiplangat aliinamisha kichwa. Walioanza kukunja mashati waliyakunjua.

Nilitaka Nyakerario apige kelele. Alikuwa amesimama na udongo umeanza kukauka miguuni. Alikuja mpaka mezani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba tuko mimi na yeye tu:

"Ungeniambia siku ya kwanza, ningefanya kazi vilevile. Watu hawakuwa na nyumba. Lakini nisingemwambia mtoto."

Akamshika Yunia mkono wakatoka. Hakunywa chai.

Chepngeno aliweka birika chini kwa kishindo. Alimfuata baba mlangoni, mwanamke mfupi, kidole juu. "Ukuta wako, Gachanja, ni nani aliukandika? Nenda ukauangalie." Kisha akaongea Kikipsigis, haraka, na watu. Sikuelewa yote. Nilielewa neno nguzo na neno kwangu.

Jumapili, 9 Juni

Sikwenda kanisani. Ukuta wa sebuleni umepasuka sehemu tatu, vyumba vingine pia. Changu hakijapasuka popote.

Jumanne, 11 Juni

Hakuna aliyeniita. Hakuna orodha. Nilisikia nyimbo kutoka ng'ambo, kwa Chepngeno, nikaenda.

Walikuwa wamezing'oa zile nguzo nane kutoka shambani kwetu wakazichimbia upande wa chini wa shamba la Chepngeno, karibu na mgomba. Sikuhesabu watu. Mkono ulikuwa unatafuta kalamu mfukoni, nikauzuia. Mzee Kiplangat alikuwa amebeba nguzo ya mlango peke yake begani, kofia imeanguka, hakuiokota.

Nilisimama pembeni. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyenisogezea kitu. Mwishowe nilichukua mtungi wa maji uliokuwa mtupu nikashuka mtoni. Nilirudi, nikamimina shimoni. Nyakerario na Chepngeno walikuwa wanakanyaga, wameshikana mikono. Nyakerario aliniona. Alisema, "Bado maji," kama ambavyo angemwambia mtu yeyote. Nilishuka mara kumi na mbili. Hilo nimelihesabu, sikuweza kujizuia.

Baba alifika saa sita. Alisimama barabarani, ng'ambo ya ua, na koti lake la kanisani. Alisimama muda mrefu. Hakuna aliyemwita aingie, naye hakuingia. Nilipopanda na mtungi mwingine, hakuwepo.

Mlango hawakuupaka buluu. Hakuna aliyekuwa na rangi.

Jumatatu, 17 Juni

Jua. Chai imechipua vizuri kila mahali. Shamba letu limepita siku zake za kuchumwa, majani yamekuwa magumu. Baba amekuwa akichuma mwenyewe tangu Jumatano, lakini hana mikono ya haraka.

Foleni ilikuwa ndefu. Nyakerario alikuwa katikati, na Chepngeno nyuma yake, wanabishana kuhusu kuku wa mmoja aliyetaga kwa mwingine. Alipofika mezani aliweka kikapu kwenye mizani. Kwa miaka miwili tangu niajiriwe, sijawahi kumuuliza namba. Vidole vyangu vilikwenda vyenyewe kwenye namba yetu. Nilikuwa nimeshabonyeza tarakimu mbili.

"Si hiyo," alisema.

Akanitajia namba ya Chepngeno, tarakimu moja moja, polepole, kama mtu anayesoma kwa sauti ili asikike mpaka nyuma. Nikafuta. Nikabonyeza upya. Mashine ilitoa risiti, nikampa, akaikunja, akasema asante karani.

Sakafu ya kituo siku hizi nafagia mwenyewe asubuhi. Leo, nyuma ya mizani, kwenye tundu la ukuta, nimekuta kijiti kimoja. Sikukitoa. Nimefagia kukizunguka.